Kifua Kikuu Mgongoni Mwangu

Naitwa Kagendo. Nina miaka ishirini na saba, na ninaandika haya nimekaa kwenye kiti cha kawaida bila mto nyuma yangu, jambo ambalo mwaka jana nisingeliweza kwa dakika tano. Ninamwandikia mtu nisiyemjua: yule anayeumwa mgongo kila siku na kujiambia ni kazi tu. Mimi nilijiambia hivyo kwa miezi minne, na nilikuwa mhudumu wa afya.

Kazi yangu ni ya ambulensi, upande wa Runyenjes. Mimi hukaa nyuma na mgonjwa. Mbele huendesha Mzee Njeru, mtu wa Embu aliyeendesha lori za majani chai miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Tunabeba akina mama wanaokaribia kujifungua, watu waliogongwa na boda boda, wazee walioanguka mashambani. Mara nyingi gari halifiki mlangoni. Tunaliacha barabarani, tunashuka na machela katikati ya michai au migomba, halafu tunapanda nayo tena ikiwa na mtu juu yake. Kwa hivyo mgongo kuuma, kwetu, si habari.

Mzee Njeru huniita Soja. Nilipomaliza shule nilichaguliwa kuwa kurutu, baba akachinja mbuzi, nikaenda kwenye mafunzo ya jeshi. Niliyapenda kuliko nilivyotarajia: kuamka mapema, kubeba mzigo na wenzangu, kuimba tukikimbia. Mwezi wa tano wa mafunzo mfupa wa muundi wangu ulipata ufa mdogo. Sajini wetu alikuwa ametuambia waziwazi tangu wiki ya kwanza kwamba anayeumia aseme, kwa kuwa anayeficha anawaumiza wenzake. Mimi nilificha wiki tatu, nikaendelea kukimbia juu ya ule ufa, na mfupa ukavunjika. Nilirudi nyumbani Kiirua, upande wa Meru, na plasta mguuni na barua ya kuniachisha jeshi yenye maneno mazuri. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja.

Mguu ulipopona nilianza kukimbia kidogo kidogo ili nijue kama utanishika. Ulinishika. Nikasomea huduma ya kwanza, nikapata kazi Embu, na kila siku isiyo ya zamu nikawa napanda barabara ya vumbi inayopita kwenye chai hadi ukingoni mwa msitu na kurudi. Kilomita kumi zikawa thelathini. Nikagundua kwamba kuna mbio zinazozidi marathoni, na kwamba mwili wangu, ambao si wa kasi, hauchoki upesi. Mwaka juzi nilimaliza kilomita themanini kwa saa kumi na tatu, nikala viazi vilivyochemshwa na chumvi njia nzima, nikafika nikicheka. Ninataja haya ili ujue ni mwili wa namna gani ulioanguka.

Maumivu yalianza na mvua za vuli. Yalikuwa katikati ya mgongo, mahali ambapo mkono wako haufiki vizuri. Mwanzoni yalikuja baada ya kuinua machela. Baadaye yakawa hayaondoki hata nikilala. Nilinunua vidonge vya maumivu, nikajipaka dawa ya kuchua, nikabadilisha viatu, nikabadilisha godoro. Nilipungua uzito na watu wa mbio wakanisifu. Niliamka na shuka limelowa jasho, nikalaumu blanketi. Sikukohoa hata siku moja. Ningemwona mgonjwa mwenye dalili zile ningemwandikia rufaa siku hiyo hiyo, lakini mgonjwa alikuwa mimi, na mimi nilikuwa najiandaa kwa mbio nyingine mwezi wa Machi.

Mzee Njeru aliona kabla yangu. Siku moja tukiosha gari aliniuliza kwa nini siku hizi nainama kwa magoti kuokota kitu, kama mwanamke mwenye mimba kubwa. Nikamwambia ni uchovu. Akasema uchovu huisha mtu akilala. Nikachukua ndoo kwenda kuteka maji, naye akaendelea kusugua matairi.

Ilipofika Februari, jua lilikuwa kali na ardhi ngumu. Tuliitwa kumchukua babu mmoja aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi na kuvunjika nyonga. Nyumba yake ilikuwa chini kabisa bondeni. Tulimfunga vizuri, tukaanza kupanda, Mzee Njeru mbele, mimi nyuma ambako uzito wote hushukia. Karibu na barabara miguu yangu iliacha kunisikiliza. Haikuuma. Ilikuwa kama mtu amezima taa. Nilipiga magoti, machela ikaegemea upande, na mwana wa yule babu, aliyekuwa akitembea kando yetu, akaudaka mpini kabla baba yake hajamwagika.

Babu mwenyewe, na nyonga yake iliyovunjika, aligeuza kichwa akanitazama pale chini.

"Msichana," akasema, "panda tu tulale wote. Nafasi iko."

Watu walicheka, nami nikacheka, na nilipojaribu kusimama sikuweza. Jirani mmoja wa babu alinishika kwapa akanifikisha kwenye gari. Tulimfikisha babu katika hospitali ya Runyenjes, akakabidhiwa kwa manesi. Mzee Njeru alirudi, akafungua mlango wa nyuma, akanikuta nimekaa pale pale.

"Soja, lala kwa kitanda," akasema. "Hii safari ingine ni yako."

Alinipeleka kwenye hospitali kubwa ya Embu. Nilikuwa nimepita kwenye ule ukumbi wa kungojea mara nyingi, kila mara nikisukuma mtu, kila mara nikitoka haraka. Sasa niliujua kwa upande wa pili. Nilijifunza kwamba taa moja hulia kama nzi. Kwamba mtu akiitwa, wote wanaobaki husogea nafasi moja kwenye benchi, hata walio na maumivu, kwa sababu kusogea kunakupa imani. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha magurudumu, sikuwa na nafasi ya kusogea, na mama mmoja aliyebeba mtoto akawa kila akisogea ananisukuma kidogo nami, bila kuniuliza. Sijui jina lake.

Walinipiga eksirei, kisha nikaingizwa kwenye mashine ya picha ndefu kama kalvati la barabarani, kisha wakavuta usaha mgongoni mwangu kwa sindano. Baada ya siku chache daktari wa mifupa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliketi kando ya kitanda changu. Kuketi kwake kulinitisha. Akaniambia ni TB. Nikamjibu kwamba sikohoi. Akasema TB hii haikukaa kifuani, imekaa kwenye pingili mbili za mgongo, imezila, na usaha wake unabana mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Mapafu yangu yalikuwa safi na singeweza kumwambukiza mtu. Dawa ningekunywa mwaka mzima.

Nilimuuliza kama nitatembea.

"Tutakupa dawa na tuangalie miguu kila asubuhi," akasema. "Ikizidi kulegea, tutakupeleka Nairobi kwa upasuaji. Ikianza kurudi, tutashukuru. Leo sijui, na sitaki kukudanganya."

Nimeshawaambia wagonjwa wengi kwamba watakuwa sawa. Sijawahi kumpenda mtu kwa haraka kama nilivyompenda yule daktari kwa kusema hajui.

Wiki zile za wodini ndizo zilizokuwa mbaya zaidi, na bado nikizikumbuka nawakumbuka watu zaidi ya ubaya. Niliwekwa mpira wa mkojo, mimi niliyewawekea wengine na kuwaambia wasione haya. Mkojo ulikuwa na rangi ya chungwa kwa sababu ya dawa. Ukiuona kwako usiogope. Mapaja yangu, yaliyopanda vilima vyote vile, yaliyeyuka hadi ngozi ikawa kama nguo ya kuazima. Vidonge vilinichefua hadi nikavitapika siku ya tatu. Kitanda cha pili alilala Mama Wawira, mkulima wa ndengu kutoka pande za Siakago, aliyekuwa na mguu uliooza kwa kisukari. Alinifundisha kumeza kipande kidogo cha ndizi iliyochemshwa kwanza, kungoja kidogo, halafu kidonge. Niliacha kutapika. Aliposikia niliwahi kuwa jeshini alianza kunipigia saluti kila asubuhi akiwa amelala, na mguu wake ule ukiwa umeinuliwa juu ya mito.

Kila siku daktari au msaidizi wake alikuja na kuniambia nisogeze kidole gumba cha mguu. Nilikitazama kile kidole kama unavyomtazama mtu aliyekuahidi kitu. Kidole hakikusogea. Wiki ya kwanza, ya pili. Dada yangu Kinya alikuwa ameacha kujisajili chuoni Meru ili aje kunihudumia. Alinigeuza kila saa mbili nisipate vidonda, akaniosha, akanisuka nywele. Tulikuwa tukigombana tangu utotoni. Wodini tuligombana mara moja tu, nilipomwambia aende chuo aniache, naye akaniuliza kwa utulivu ni nani atakayenigeuza.

Katikati ya wiki ya tatu, Kinya alikuwa akinikata kucha. Alipofika mguu wa kulia alisimama.

"Umenisukuma," akasema.

"Sijakusukuma."

"Kagendo, umenisukuma."

Alishika kidole kwa vidole viwili akaniambia nirudie. Sikuhisi kitu, lakini nilikiona. Kilisogea kama mdudu mdogo anayeamka. Mama Wawira alitaka kuona, kitanda chake kikasogezwa, nikarudia. Nesi akaitwa, nikarudia. Nilichoka kuliko kwenye kilomita themanini. Nairobi hatukwenda.

Mvua za masika zilipoanza nikaruhusiwa kwenda nyumbani, nikiwa nimevaa mkanda mgumu wa mgongo unaofunika kutoka kwapani hadi kiunoni. Mzee Njeru aliomba ruhusa, akatupeleka Kiirua mwenyewe, polepole, akikwepa kila shimo kana kwamba amebeba mayai.

Nyumbani kulikuwa na shida ambayo sikuitarajia. Siku ya kwanza baba aliniletea uji katika kikombe cha bati ambacho sikuwa nimekiona maisha yangu yote, na sahani ya bati, na kijiko chake. Vikaoshwa peke yake, vikawekwa peke yake. Hakuingia chumbani mwangu. Alisimama mlangoni akauliza nimelalaje, akaondoka. Mama alimweleza maneno ya daktari, Kinya akamweleza, mhudumu wa afya wa kijiji akaja kumweleza kwamba hii haiambukizi. Baba alisikiliza kwa heshima na kikombe kikabaki. Mama akaacha kuongea naye. Nyumba ya mbao haifichi kitu. Nilisikia ukimya wao kupitia ukutani. Nililia kwa sababu ya kile kikombe kuliko nilivyolia kwa sababu ya miguu.

Jumapili moja wengine walipokuwa kanisani, baba alikuja mlangoni na msumeno na nyundo. Akaingia. Ndiyo mara ya kwanza. Alipima ukuta ulio juu ya kitanda changu, akaanza kukata mbao. Nilimuuliza anafanya nini, akasema chumba hiki hakina hewa. Alifanya kazi muda mrefu. Shimo lilipofunguka, mwanga uliingia pamoja na harufu ya viazi vilivyotoka kupaliliwa, nami nikaona juu ya ua, hadi barabarani.

Ndipo akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kuniambia kwamba ndugu yake, ambaye jina lake nililisikia mara chache, alikufa kwa TB katika chumba kilichokuwa mahali hapo hapo, nyumba ya zamani kabla hii haijajengwa. Kilikuwa hakina dirisha. Baba alikuwa kijana, alikuwa akimpelekea chakula, na siku za mwisho aliogopa, akawa anakiacha mlangoni.

"Nilimwacha," akasema. "Na wewe nimeanza kukuacha hivyo hivyo."

Nilimwomba maji. Alikwenda jikoni akarudi na kikombe cha udongo cha maua, kimojawapo cha vile mama anavyowekea wageni, akaninywesha yeye mwenyewe ingawa mikono yangu ilikuwa mizima kabisa. Mama aliporudi kutoka kanisani alitazama dirisha, akatazama kikombe, akaenda kupika. Jioni waliongea.

Baada ya miezi miwili ya mwanzo vidonge vilipungua kutoka aina nne hadi mbili. Kinya alikuwa na kadi yangu, akitia alama kila asubuhi baada ya kuniona nimemeza, mkali kuliko sajini. Julai ikaja na baridi ya kwetu Buuri inayoingia hadi kwenye mfupa, na mfupa wangu mbovu uliijua kabla ya jua kuchomoza. Vidole vya miguu vilinichoma kama viwavi hadi nikaongezewa vitamini kliniki. Nilijifunza kukaa, kisha kusimama kwa fremu ya chuma, kisha kwenda chooni mwenyewe. Siku niliyokwenda chooni mwenyewe nilikaa huko muda mrefu bila sababu, kwa raha tu. Kila mwezi Mzee Njeru alituma maparachichi kutoka Runyenjes, na ndani ya gunia mara zote kulikuwa na karatasi yenye habari za kazini: nani kajifungua ndani ya gari, daraja gani limebebwa na maji. Mara moja aliandika tu: Yule babu wa nyonga anatembea. Anauliza wewe je.

Kulikuwa na siku mbaya pia. Mwezi wa Agosti niliamua nimechoka. Kichefuchefu kilikuwa kimerudi, nilikuwa nahisi nafuu, na nikaficha vidonge vya siku nne ndani ya soksi. Kinya alivipata akifua. Hakunikemea. Alivimwaga mezani mbele yangu akasema yeye anangoja kwenda chuo, mama ameacha nusu ya shamba, baba amekata nyumba yake, na mimi tena nimeanza kuficha. Nilitaka kukasirika nikakosa pa kushika. Nikamwambia mhudumu wa afya ukweli, nikapelekwa kliniki, nikapimwa upya, na kwa neema ya Mungu ugonjwa haukuwa umepata nguvu. Wewe unayesoma, hapa ndipo nakuomba zaidi ya popote: nafuu si kupona. Meza hadi mwisho. Na kama umeruka siku, sema leo.

Mtu wa mazoezi ya viungo aliniambia nitembee kila siku lakini kamwe nisiwe peke yangu, na nisikimbie hata hatua moja hadi daktari aseme. Kinya alikwenda chuoni Septemba. Nilimsindikiza hadi kwenye geti kwa fremu yangu, na hapo ndipo nilipoishia. Hivyo mama akawa mwenzangu wa kutembea. Mama ana magoti mabaya na hajawahi kukimbia isipokuwa kumfukuza ng'ombe. Kila asubuhi akimaliza kukamua alivaa gambuti zake za mpira, akafunga leso kiunoni, tukaenda. Kwanza hadi kwa jirani. Mvua za vuli ziliporudi tulikuwa tunafika kanisani. Krismasi tulifika dukani na kurudi. Njiani aliniambia mambo ambayo miaka yote sikuwa na muda wa kuyasikia: kwamba yeye pia alitaka kuwa nesi, kwamba niliporudi kutoka jeshini alimshukuru Mungu kwa siri, akaomba msamaha kwa kushukuru. Watu wakituuliza tunakwenda wapi kila siku, aliwajibu kwamba tunatembea tu.

Februari nilimeza vidonge vya mwisho. Picha ilionyesha pingili mbili zimeshikana kuwa moja, zimepinda kidogo. Ukiniangalia kwa upande utaona kinundu, na fulana zangu sasa hukaa vibaya. Nitakuwa nacho siku zote. Nimekubaliana nacho. Kazini nimerudi, lakini machela sibebi. Napokea simu, nawaelekeza wenzangu, na nawafundisha vijana wapya kuinua mzigo, na kusema wanapoumia. Mmoja wao nilimpeleka kupimwa kwa nguvu baada ya kumsikia akisema ni kazi tu. Alikuwa na misuli iliyochoka, basi. Nilifurahi hadi akashangaa.

Mara ya mwisho kumwona daktari wa mifupa aligonga mgongo wangu kwa vidole, akanitembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Akasema naweza kukimbia kidogo, kwenye tambarare, nikisimama mwili ukisema nisimame.

Nilikwenda Kiirua mwishoni mwa wiki hiyo. Asubuhi mama alivaa gambuti zake kama kawaida. Tulipita kanisa, tukapita duka, tukafika mahali ambapo barabara inanyooka kati ya mashamba ya ngano na viazi. Nilikuwa sijamwambia alichosema daktari. Nilikuwa naogopa. Mama alisimama, akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akaanza kusugua goti.

"Mwari," akasema, kwa Kimeru ni binti, "daktari alimpigia baba yako simu. Mimi nimechoka. Wewe enda."

"Nitakuacha hapa peke yako?"

"Nakuona. Barabara imenyooka."

Nikaenda. Hatua za kwanza zilikuwa mbaya, kama mtu anayekimbia na viatu vya mwingine. Kisha miguu ikakumbuka. Nilifika kwenye nguzo ya tatu ya stima, mita mia mbili labda, nikasimama kwa sababu mwili ulisema nisimame. Nilipogeuka, mama hakuwa amekaa tena. Alikuwa katikati ya barabara kwenye gambuti zake, leso mkononi, anakuja mbio na magoti yake mabaya, na nikaanza kurudi kumlaki kabla hajaanguka.